Mdomo ukienda upande, angalia saa kwanza

Baba alikuwa anafunga vifungo vya shati asubuhi, vidole vikawa havishiki. Akajaribu kifungo kile kile mara tatu mara nne, afu akakaa kitandani akasema mkono wa kulia umekufa ganzi, itakuwa ameulalia. Na sisi tukaamini, tena tukaanza kumkanda na maji ya moto, mwingine anasema mwacheni apumzike atakuwa sawa, mpaka alipoanza kuongea maneno hayaeleweki na mdomo umevutika upande ndo tukashtuka. Kumbe ni kiharusi, na hapo masaa mawili yameshapita.

Hospitali swali la kwanza la daktari: mara ya mwisho kumuona mzima ni saa ngapi? Tukaanza kubishana mbele yake. Kumbe hilo swali ndo linaamua matibabu, kwa sababu kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu, ila kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu mtu alipoonekana mzima, sio tangu nyie mliposhtuka. Akiamka nacho, wanahesabu tangu alipolala. Kuna hospitali wanaweza kulivuta bonge lenyewe kwa mrija mwembamba, na kwa baadhi ya wagonjwa muda unafika mpaka masaa 24, lakini msikae mkitegemea hilo. Sisi tulichelewa, na mpaka leo inaniuma.

Aspirini msimpe nyumbani. Kwa macho hakuna anayejua kama mshipa wa kichwani umeziba au umepasuka, hata daktari mpaka apige siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, na ukimpa aliyepasukiwa unamwongezea kuvuja damu. Hata maji msimnyweshe, koo linaweza kuwa limepooza yakaingia kwenye mapafu. Na dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, nendeni hivo hivo siku hiyo hiyo, kikubwa chaweza kuwa njiani.

Baadae mkono ulianza kusinyaa na begani pakaingia shimo. Hilo shimo ni sisi, tulikuwa tunamnyanyua kwa kumvuta mkono ule ule uliopooza, misuli imelegea haina cha kushikilia mfupa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuonyesha kumshika mgongoni na kiunoni, na mkono ulale juu ya mto akikaa. Yale mazoezi msiyaache hata wiki.

Ila kama misuli inaisha taratibu na hujawahi kupata kiharusi, mfano nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, vitu vinakudondoka, hiyo ni habari nyingine. Muone daktari wa neva, yaani mishipa ya fahamu, atapima damu na umeme wa misuli kwa sindano nyembamba, maana yaweza kuwa neva imebanwa tu kwenye kiwiko au kifundo cha mkono na ikiwahiwa inafunguliwa. Na huko pia utaulizwa ilianza lini, kwa hiyo andika tarehe.