Barua kwa Mwanangu: Nimeonja, Sijala

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Mwanangu, uliyebeba jina la mama yangu,

Sisi huku ni wazima. Goti la mama yako limetulia tangu baridi ya Julai iishe, na juzi alipanda ngazi zote za kanisa bila kushika ukuta.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza mambo mawili. La kwanza, kama katika miaka 33 niliyohudumu kwenye hoteli ile ya mjini niliwahi kuketi hata siku moja nikala kama mteja. La pili, kama ukija Desemba utupeleke pale mimi na mama yako, au pesa hiyo tununue mbuzi wa soko la Kiamaiko tule nyumbani na jamaa wote. Kwa simu nisingeweza kukujibu vizuri, kwa maana wewe hupigiwa kelele na makontena ya bandari na mimi hupandwa na hamu ya kueleza mpaka salio linaisha. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Sikuwahi kuketi. Kila kilichokuwa kwenye menyu ile nilikionja, lakini hakuna hata kimoja nilichokila.

Ilikuwa hivi. Menyu ilipobadilika, mpishi mkuu alituita jikoni saa kumi alasiri, kabla ya wateja wa jioni. Alipika sahani moja ya kila chakula kipya, nasi weita tukasimama mstari mmoja, kila mtu na kijiko chake cha chai. Ulipewa kijiko kimoja, basi, unampisha mwenzako. Alitutaka tuweze kumweleza mteja. Ukiulizwa kambakoche huyu yukoje, ukajibu tu kwamba ni mtamu, alikuona hujafanya kazi. Utamu wake unaanza wapi, kwenye ncha ya ulimi au nyuma? Nyama inakatika au inavutika? Sosi ina haradali kiasi gani? Kijiko kimoja kilibidi kikufundishe yote hayo. Nikifumba macho sasa hivi bado naikumbuka ile sosi ya siagi na maziwa iliyookwa na jibini juu ya mkia wa kambakoche, na ni zaidi ya miaka thelathini.

Chakula chetu wenyewe kilikuwa ugali na sukuma, siku nyingine maharagwe. Tulikila nyuma saa tisa unusu tukiwa tumekalia makreti ya soda. Kilipikwa vizuri na kilishibisha. Silalamiki hata kidogo, ila nataka ujue jinsi siku ilivyokwenda.

Kwa nini basi sikwenda siku ya mapumziko, nikavaa suti yangu nikaketi? Kanuni ya kazi ilikataza wafanyakazi kula ukumbini, hiyo ni kweli. Karo zenu pia zilikuwa na haki yake. Lakini hata kanuni isingekuwapo, sidhani ningeketi. Babu yako alihudumu katika hoteli ya Wazungu hapa hapa Nairobi miaka ya 1950, akiwa na kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani. Wakati ule Mwafrika hakuketi katika kumbi zile. Aliingia kwa mlango wa jikoni akatoka kwa huo huo. Babu yako alikuwa na watoto wanne na bado aliitwa boi na vijana wadogo kuliko mdogo wake wa mwisho. Uhuru ulipokuja Desemba 1963 milango ilifunguliwa, lakini mguu uliozoea mlango wa nyuma haugeuki siku moja na mlango. Mimi nilianza 1980 nikiwa na cheti cha Chuo cha Utalii, kile kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi pale barabara ya Thika. Nilijua mvinyo, nilijua uma wa samaki na uma wa nyama. Hata hivyo kila nilipopita mbele ya hoteli yangu nikiwa na nguo za nyumbani, miguu ilinipeleka yenyewe kwenye kichochoro cha jikoni.

Nikija kwenye pesa, nikueleze unacholipia pale.

Sisi tunaijua nyama choma, na mbuzi wa choma tunamtaka aliyechinjwa leo. Steki ina njia yake. Ng'ombe wa Boran wa kule Laikipia amekula nyasi na ametembea. Nyama yake ina ladha kubwa, lakini ina nguvu. Ipike siku ya kuchinja na meno yatachoka kabla ya tumbo kujua. Hoteli inayojiheshimu huining'iniza kwenye chumba cha baridi wiki mbili, tatu, mpaka ilainike yenyewe. Kila siku inayokaa mle inapoteza maji, kwa hiyo uzito unashuka, na uzito ndio uliolipiwa. Bei inaanza kupanda hapo, kabla hata jiko halijawashwa.

Ukiulizwa iive kiasi gani, agiza iliyoiva wastani, ambayo katikati bado ni ya waridi. Ule wekundu unaotiririka sahanini si damu. Damu ilibaki machinjioni. Ni maji ya msuli yenye protini iitwayo mayoglobini, na nimewaeleza wateja hivyo mara nyingi kuliko nilivyosema jina langu. Mama yako hatakubali, namjua, atataka iive kabisa. Basi usimwagizie fileti, kwa sababu fileti haina mafuta na ikiiva sana inakauka kama ubao. Mwagizie ya mbavu, yenye mafuta yaliyojipenyeza ndani.

Na wewe agiza ile ya pilipili manga inayomaliziwa mezani. Weita atakuja na toroli, jiko dogo la spiriti na kikaango cha shaba. Siagi ikishanyamaza anaweka nyama, anageuza, anamimina brandi, moto unapanda hadi usawa wa kifua chake na kushuka kabla hujavuta pumzi ya pili, halafu krimu. Watu wote hutazama moto. Tazama mkono wake. Kikaango kinainama upande usio na mgeni, chupa ya brandi tayari imerudi chini ya toroli, na macho yake hayako kwenye moto, yako kwenye nywele na mikono ya mezani. Ladha kubwa haitoki kwenye ule moto. Inatoka kwenye yale mabaki ya nyama yaliyoshika chini ya kikaango, ambayo brandi inayabandua na krimu inayakusanya. Mwaka wa kwanza niliungua mara mbili. Baadaye nilifundisha wengine, na kijana aliyetazama moto badala ya mgeni sikumpa toroli.

Kuhusu vya baharini utaniuliza, mimi niko Mombasa, nije Nairobi nile samaki? Una haki. Lakini fikiria safari yake. Mkahawa wa Tamarind wa vyakula vya baharini ulifungua mlango wake hapa mjini mwaka 1972, na watu wa bara tukaona chaza, kaa na kamba wakiwa mezani kana kwamba bahari iko Athi River. Kwetu samaki na kamba walikuja kwenye barafu kwa ile treni ya usiku, iliyoondoka kwenu jioni na kutufikia asubuhi, treni ambayo reli mpya ya SGR iliipokea zamu mwaka 2017. Kambakoche walikuja wazima, wamelazwa kwenye vumbi la mbao lililoloweshwa na kupozwa. Wa Bahari ya Hindi hana magando makubwa kama wa Marekani, nyama yake karibu yote iko mkiani. Tulipofungua sanduku, kazi ya kwanza ilikuwa kumgusa kila mmoja. Aliyepiga mkia aliingia jikoni. Aliyelala kimya alikuwa hasara ya hoteli, hakupelekwa kwa mteja.

Tulipata mpishi kutoka pwani, fundi hasa, na wiki yake ya kwanza kambakoche wake walitoka hawajaiva. Alipima dakika zile zile alizozoea nyumbani. Kumbe Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hayafiki 100. Saa yake ilikuwa sahihi, maji ndiyo yaliyokuwa tofauti. Alipoongeza dakika, kazi ikanyooka. Hata viazi alijifunza kuvipika upya.

Kwa hiyo wewe kambakoche usiagize, mnunue kwa wavuvi huko huko. Mwagizie mama yako, mgawane. Ila uulize bei kabla, kwa sababu mara nyingi anauzwa kwa uzito, na apimwe mbele yako. Hakuna weita mzuri atakayeona vibaya ukiuliza. Ukiona pia kwenye bili ile asilimia 2 ya utalii, ilipe kwa moyo mweupe. Ushuru wa namna hiyo ndio uliosaidia kukiendesha chuo kilichonifundisha.

Lakini kitu kikubwa unachonunua pale hakiandikwi kwenye menyu. Jioni moja waliingia kijana na msichana, wamevaa vizuri, viatu vimepigwa rangi siku hiyo hiyo. Kijana alisoma menyu muda mrefu, akaagiza steki moja, akasema yeye alishakula. Nilikwenda jikoni nikamwomba mpishi aikate mbili, tukaipanga kwenye sahani mbili, viazi na mboga pande zote mbili kamili, nikazileta pamoja kana kwamba ndivyo steki ya pale ilivyo. Bili iliandikwa steki moja. Hakusema neno. Miaka kadhaa baadaye alirudi na mke wake huyo huyo na watoto, akaniomba nihudumie meza yake. Kazi ile ilikuwa hiyo, mwanangu, kumtazama mtu mpaka ujue anachohitaji kabla hajalazimika kukitaja.

Hoteli za namna hii zimepungua katikati ya mji. Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904 na bado ipo, na Stanley ina umri kuizidi, yenye ule mti wa mgunga wa Thorn Tree ambao wasafiri walibandika barua za kutafutana. Nyingi ndogo zilifungwa au zikahamia Westlands na Karen. Watu husema ni maegesho na wezi wa mjini. Mimi nakumbuka pia ile Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani. Ilikuwa saa nne na nusu imepita, tumeshatandika meza zote za mchana, glasi zinang'aa. Sauti ya kwanza ilitufanya tuinue vichwa, ya pili ikaleta vioo vyote ndani. Tulivuta vitambaa vya meza, vile vyeupe vilivyonyooshwa asubuhi, tukatoka navyo barabarani kufunga watu majeraha. Havikurudi. Ofisi nyingi zilianza kusogea Upper Hill, na wateja wa mchana hawakuwa tena wale wale. Ndiyo maana nataka uione hoteli hiyo ingali na taa.

Sasa nikuambie sababu yangu hasa ya kukubali, kwa maana nimekubali.

Kwa miaka 33 mama yako alifua makoti yangu meupe. Nilikuwa na matatu. Aliyafua usiku, akayatia wanga, akayapiga pasi ya makaa miaka ya kwanza na ya umeme baadaye. Sosi ya mvinyo ikidondoka kwenye mkono wa koti alijua, akaniuliza ni meza gani ilinisukuma. Kahawa aliiondoa kwa maji ya moto, na mafuta ya kambakoche kwa sabuni ya kipande na uvumilivu. Kola ilikuwa jambo lake. Alisema mtu akikuinamia kukumiminia maji unaona kola yake kabla ya uso wake. Nililetewa sifa za unadhifu na mameneja watano, na sifa zile zilikuwa zake. Lakini ukumbi ule hajawahi kuuona. Alifika mara moja tu, mwaka uliougua surua, akanisubiri kwenye kichochoro cha jikoni na wewe mgongoni.

Mimi kijiko changu nilikipata. Yeye hata kijiko hakupata.

Kwa hiyo weka nafasi Jumanne au Jumatano. Ijumaa kuna kelele na vijana wa jikoni huwa wamechoka. Omba meza 14, iliyo kando ya nguzo, na mama yako akae kiti kinachotazama mlango wa jikoni. Avae viatu vyake vya kawaida, sakafu ile ni ya mbao iliyopakwa nta. Mbuzi usijali, wa Krismasi nimeshamwekea pesa yake pembeni.

Vijana wawili niliowafundisha bado wako pale. Mmoja wao atatoka kwa mlango ule na sahani tatu kwenye mkono mmoja, na najua mama yako hatatazama sahani. Ataangalia kola.

Tiketi ya treni ikate mapema, Desemba hujaa.

Baba yako