Nafasi nne za TEHAMA: aanze kuajiriwa nani?

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara ya TEHAMA katika chuo kikuu cha umma hapa Mbeya. Kwenye orodha tuko walimu 11, lakini 3 wako masomoni kwa uzamivu (PhD) na mmoja anastaafu mwakani. Tuna kozi 40 kwa mwaka, kila mwalimu anabeba 4. Uongozi umetutaka tupendekeze nafasi 4 za ikama ijayo (idadi ya watumishi inayoidhinishwa), na unasisitiza utafiti. Wenzangu wanataka tugawe: mmoja usalama wa mitandao, mmoja akili mnemba, mmoja hifadhidata, mmoja programu za simu. Unashaurije?

JIBU: Mwalimu, mimi nisingegawa hivyo. Kuweka mtu mmoja kwa kila somo kunajaza ratiba ya vipindi lakini hakujengi utafiti. Mtafiti aliye peke yake kwenye eneo lake hana wa kumsomea rasimu ya makala wala wa kumshikia wanafunzi wa uzamili akisafiri. Akihamia chuo kingine, eneo zima linaondoka naye.

Kwanza tupige hesabu ya vipindi, maana hoja za utafiti nyingi hufia hapo. Toa walioko masomoni na anayestaafu: mnabaki 7, mnaobeba kozi 28. Pengo ni kozi 12, yaani walimu 3. Mkipata 4, uwezo wenu unafika kozi 44, na ziada ya kozi 4 ndiyo muda wote wa utafiti mlio nao. Nakusihi usiigawe sawa kwa watu wote. Wape wale watakaofanya kazi pamoja kwenye tatizo moja, na uliandike hilo katika andiko lako kwa uongozi, kwa sababu lisipoandikwa, muhula wa kwanza tu ziada hiyo italiwa na kozi za vitivo vingine.

Sasa ngazi. Kishawishi ni kuomba wakufunzi wasaidizi wanne, kwa kuwa vijana wenye shahada ya kwanza ya GPA 3.8 na kuendelea wanapatikana. Lakini kijana huyo lazima aende uzamili, kisha uzamivu, na kila akiondoka anaacha kozi zake kwenye meza yako. Kwa upande mwingine, wenye uzamivu wa TEHAMA ni wachache, nanyi mnawagombania na Dar es Salaam, Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Ningeomba mhadhiri mwandamizi mmoja, mhadhiri mmoja mwenye uzamivu na wahadhiri wasaidizi wawili, yaani wenye uzamili. Kibali kikija kwa awamu, aanze yule mwandamizi. Wasaidizi wakitangulia bila msimamizi, kila mmoja atachagua mada ya uzamivu kufuatana na chuo kitakachompokea, na baada ya miaka mitano mtakuwa na mada zisizokutana.

Tatizo lenyewe la kuwakusanya liko karibu nanyi. Kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, kiko hapo hapo jijini, na kinashughulika na viazi mviringo na maharage. Chai iko Rungwe na Mufindi. Kituo cha NIMR Mbeya, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kina miaka mingi katika utafiti wa afya. Mimi ningechagua kilimo: utambuzi wa magonjwa ya mazao kwa picha za majani, utabiri wa mavuno, huduma za ushauri kwa simu zisizo na intaneti. Humo mtaalamu wa akili mnemba, wa hifadhidata na wa programu za simu wote wana kazi, na wote wanaweza kuandika makala moja. Ukichagua afya, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na vibali vya maadili, vinakula miezi. Usalama wa mitandao utafundishwa na mmoja wenu kama kozi, lakini nisingeufanya kuwa eneo la utafiti kwa sasa.

Kabla ya tangazo, pata makubaliano ya maandishi na TARI Uyole ya kutumia takwimu na mashamba yao ya majaribio. Mtahiniwa makini atauliza takwimu ziko wapi na kompyuta ya kufunzia modeli ina nguvu kiasi gani. Mshahara wa serikali hamuwezi kuupandisha, kwa hiyo hayo pamoja na mzigo mwepesi wa vipindi ndiyo mvuto wenu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na ikama hujadiliwa miezi mingi kabla, kwa hiyo andiko liwe tayari mapema. Katika sifa za mwombaji usiandike "uzamivu wa TEHAMA" pekee. Sekretarieti ya Ajira itakuletea kila aina ya mtu. Taja eneo kuu na mawili yanayokaribiana nalo, ili usibane mno ukakosa mwombaji.

Na hao watatu walioko masomoni, waandikie wiki hii uwaulize mada zao. Ikiwa mmoja tayari anafanya uchakataji wa picha, nafasi ya mhadhiri wa eneo hilo ielekeze kwa mtu wa mifumo ya takwimu, na huyo aliye masomoni umpangie kiti chake tangu sasa.