Koni haikazwi kwa hasira: kwa mnaoanza kufungua habu za zamani nyumbani

Wadogo zangu mnaochokonoa baiskeli za Raleigh na Phoenix za wazee, moyo huo naupenda sana. Lakini makosa ni yaleyale kila msimu. Gololi zinahesabiwa kwa kukisia, koni (kile kipande kilichochongoka kwenye ekseli kinachobana gololi) inakazwa kama nati ya tairi la lori, na habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyobeba magunia ya mkaa miaka nenda rudi inakufa muda mfupi baada ya kufanyiwa servisi. Someni haya kabla hamjatoa gurudumu kwenye fremu.

1. Pima kwanza. Chukua rula, pima urefu wa ekseli unaotokeza nje ya nati kila upande, andika. Fungua upande mmoja tu, wa kushoto. Koni ya kulia iache ilivyofungwa na nati yake. Vipete bapa (washa) na spesa vichomeke kwenye waya kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Vikibadilishana upande, rimu inahama katikati ya fremu, nawe utahangaika na spoki zisizo na kosa lolote.

2. Tumia spana ya koni, ile nyembamba ya unene wa milimita mbili hivi. Spana ya kawaida ni nene, inashika koni na nati kwa pamoja, na hapo hurekebishi kitu. Plaizi zikae mbali kabisa.

Na msichanganye nati. Ekseli ya nyuma ya Raleigh ya zamani ni 3/8 ya inchi, nyuzi (mikato ya skrubu) 26 kwa inchi. Ya Kijapani ni milimita 10, hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1. Kwa macho ni ndugu. Nati ya milimita 10 itaingia kwenye ile ya 3/8 vizuri tu, italegealegea kidogo, kijana ataona ni uzee. Akikaza ndipo inakwangua nyuzi zote. Ekseli iliyopona nusu karne inaharibiwa na nati ya bei ya chai. Nati ikiingia kwa ulegevu usiouelewa, itoe.

3. Gololi ni mpya zote au hakuna. Kwa kawaida habu ya mbele inachukua 10 za 3/16 ya inchi kila upande, ya nyuma 9 za robo inchi. Hata hivyo zipo habu zenye mpango wake, kwa hiyo hesabu zilizotoka, pima moja, kisha jaza kikombe, ile bakuli ndani ya habu ambamo gololi hukaa: zikishakaa, pabaki nafasi isiyotosha gololi moja nzima. Ukilazimisha ya ziada zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na moja inapanda juu ya njia zinamobiringika. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, tofauti usiyoiona kwa jicho, nazo ndizo zinazobeba mzigo wote.

4. Osha kwa mafuta ya taa, mbali na jiko, ufute hadi kitambaa kitoke cheupe. Grisi ya zamani iliyogeuka nta ikibaki kwenye kona ya kikombe, imebeba mchanga.

Sasa tazama koni kwenye mwanga, uizungushe polepole. Njia ya gololi inatakiwa iwe mstari mmoja unaong'aa. Ukiona vishimo, mara nyingi vitakuwa upande mmoja tu. Koni haizunguki, sehemu yake ya chini ndiyo inayobebeshwa mzigo siku zote, wakati kikombe kinazunguka na kugawa uchakavu. Ndiyo maana koni hutangulia kufa, na ndiyo maana ni busara kununua koni kabla ya kufikiria habu nyingine. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu ya njia: ikikwama, koni hiyo imekwisha, grisi haitaifufua. Ekseli nayo ibiringishe juu ya kioo, ikirukaruka, imepinda.

5. Grisi ya lithiamu ya beringi inatosha. Ipake kwenye kikombe hadi gololi zizame nusu, kisha safu nyembamba juu yake. Tumbo la habu halijazwi.

6. Hapa ndipo habu nyingi zinapouawa, kwa hiyo someni polepole. Kijana anakaza koni kwa vidole hadi gurudumu lisicheze hata kidogo, anaridhika, anafunga nati kwa nguvu zote. Kwenye nyuzi kuna ulegevu mdogo, na nati inapobana inaisukuma koni ndani. Kilichokuwa sawasawa sasa kimebana. Gurudumu bado linazunguka, kwa sababu grisi ni mpya na gololi ni mpya, na mwenyewe anasifu ulaini wake. Lakini gololi zinakandamizwa, grisi inafukuzwa kwenye njia, chuma kinagusa chuma, na baada ya safari chache zenye mzigo vishimo vinaanza.

Fanya hivi: kaza koni kwa vidole hadi iguse, irudishe nyuma kama robo ya mzunguko, ishike hapo kwa spana ya koni, funga nati. Shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ukisikia mikwaruzo midogo au inasita, imebana. Legeza nati, rudisha koni kidogo, funga tena. Ikicheza, songeza koni kidogo tu. Utarudia mara kadhaa, na hakuna njia ya mkato. Ekseli ya nati iache bila kucheza na bila kusita. Ile yenye mkono wa kufungia haraka iache na mchezo mdogo sana, maana mkono ukifungwa unaibana ekseli na mchezo unaisha wenyewe.

Kisha weka gurudumu kwenye fremu, valvu iwe usawa wa ekseli, uachie. Mara nyingi ndiyo upande mzito: itashuka, itapita chini, itarudi, itabembea na kutulia taratibu. Ikisimama ghafla njiani, rudi kwenye spana.

7. Ukikuta habu ya Sturmey-Archer, yenye gia tatu ndani yake, usiifanyie haya. Mwaka wa kutengenezwa mara nyingi umegongwa kwenye gamba lake, kwa hiyo utajua una mzee wa aina gani. Ndani inataka oili nyepesi kupitia tundu lake, matone machache kwa mwezi. Grisi nzito ndani inanatisha vile vijino vya springi vinavyoshika gia, na gia inaruka mguu ukiwa na nguvu kwenye pedeli. Grisi kidogo kwenye gololi za nje haina neno.

Baada ya wiki ya kwanza ya kuendesha, shika tairi ulitikise kushoto na kulia. Koni mpya hukaa mahali pake ikishatembea, na mara nyingi huhitaji kusogezwa kidogo tena.