Maswali ya Wasomaji: Wilikapu za Gari la Umeme, Zina Faida au ni Pambo?

SWALI: Ndugu mhariri, gari langu la umeme lilikuja na rimu za aloi za inchi 18 zilizofunikwa na wilikapu bapa za plastiki. Rimu zilizo chini yake zinapendeza zaidi. Nikizitoa wilikapu hizo, nitapoteza kilomita ngapi kwa chaji moja?

JIBU: Inategemea mwendo wako kuliko kitu kingine chochote. Gurudumu lililo wazi hufanya kazi kama feni: linavuta hewa kutoka uvunguni na kuitema pembeni kupitia nafasi zilizo kati ya spoki. Hewa hiyo inagongana na ile inayoteleza ubavuni mwa gari, mkondo unavurugika, na betri ndiyo inayolipa. Kwenye magari ya leo, magurudumu na matao yake huchangia takriban robo ya ukinzani wote wa hewa, kwa hiyo wahandisi hawakuziba nafasi hizo kwa urembo.

Tupige hesabu. Chukua sedani ya tani 1.8 yenye umbo la kuteleza kama Tesla Model 3. Ikienda kilomita 110 kwa saa, kuipasua hewa peke yake kunakula karibu wati-saa 80 kwa kila kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 50 ni wati-saa 16 tu, kwa sababu ukiongeza mwendo maradufu, ukinzani wa hewa unakuwa mara nne. Sasa, kama wilikapu zinapunguza ukinzani huo kwa asilimia 4, barabara kuu utaokoa wati-saa 3 hivi kwa kilomita, na mjini hata 1 haifiki. Gari linalokula wati-saa 150 kwa kilomita huenda kilomita 400 kwa betri ya kilowati-saa 60. Wati-saa 3 hizo zinakuongezea kama kilomita 8. Jarida la Marekani la Car and Driver lilipopima wilikapu za Model 3 kwa mwendo wa barabara kuu lilipata nafuu kubwa zaidi, wastani wa asilimia 3.4 ya matumizi, ambayo kwa hesabu yetu ni karibu kilomita 14.

Kwa hiyo kama safari zako nyingi ni ndefu na za kasi, ziache mahali pake. Kama gari linazunguka mjini tu, zitoe ufurahie rimu zako; hutaona tofauti. Lakini usizitupe. Siku ya safari ndefu zirudishe, ni kazi ya dakika chache.

SWALI: Nilinunua wilikapu zisizo za kiwanda. Moja imechomoka njiani, na nyingine inapiga kelele kila gari linapopita kwenye mashimo. Nizifunge kwa nailoni za kubania nyaya?

JIBU: Hapana. Nailoni hukakamaa kwa jua na joto la breki, kisha hukatika bila kukuonya, na wilikapu inayoruka kwenye mwendo kasi inaweza kumuumiza mwenye pikipiki aliye nyuma yako.

Yaelekea tatizo lako ni la aina ya rimu. Wilikapu nyingi za madukani zimetengenezwa kwa rimu za chuma, ambazo zina ukingo wa ndani wa kushikwa na klipu. Rimu nyingi za aloi hazina ukingo huo. Wilikapu inaingia, inaonekana imekaa, kumbe imeshikiliwa na msuguano tu. Kipenyo kilichoandikwa kwenye boksi hakitoshi. Tafuta iliyotengenezwa kwa rimu yako hasa.

Kabla ya kuifunga, safisha rimu, maana mchanga ukibaki katikati utaikwaruza taratibu kila gurudumu linapozunguka. Kagua klipu moja moja, iliyovunjika ibadilishwe. Linganisha tundu la wilikapu na vali ya tairi kwanza, kisha ukandamize kwa kiganja juu ya kila klipu, ukienda kwa kukingamisha, mpaka usikie imebana. Usipige kwa nyundo wala kwa ngumi katikati. Angalia pia kama kuna risasi za kubalansi (vipande vizito vya kusawazisha gurudumu) zilizobandikwa karibu na ukingo, kwani klipu ikikalia risasi haitashika. Baada ya kilomita chache simama, jaribu kuitikisa kwa mkono. Na kamwe usikubali wilikapu ambayo bamba lake linakaa chini ya nati za gurudumu: plastiki hubonyea, nati zinalegea.

Ukishapita kwenye matope, zitoe uoshe nyuma yake. Tope likikauka upande mmoja, usukani utaanza kutetemeka, na fundi atabalansi tairi zisizo na kosa.

SWALI: Nilijaribu siku moja na wilikapu na siku ya pili bila. Bila wilikapu, matumizi ya umeme yalipungua! Imekuwaje?

JIBU: Ulipima hali ya hewa. Upepo wa mbele wa kilomita 10 kwa saa, gari likienda 100, unaongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 21. Joto likipanda kwa nyuzi 10, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 3.5, yaani karibu sawa na faida yote unayoitafuta. Rudia siku moja, saa zile zile, kipande kile kile cha barabara tambarare, kwenda na kurudi, mwendo ukiwa umefungwa kwa kidhibiti mwendo cha gari na kiyoyozi kimezimwa. Zipashe moto tairi kwanza kwa mwendo wa dakika 20. Pima na wilikapu, kisha bila, kisha nazo tena. Kama vipimo viwili vya wilikapu havikaribiani, tupa matokeo yote.

SWALI: Je, wilikapu hazichomi breki kwa kuziba hewa?

JIBU: Kwa kawaida hapana, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, ikirudisha umeme kwenye betri, na diski za breki hubaki na joto dogo. Tahadhari ni kuanza mteremko mrefu wa mlimani betri ikiwa imejaa: umeme hauna pa kurudi, na breki zinabeba mzigo wote. Hapo zitoe wilikapu, au usichaji hadi juu kabisa.

SWALI: Nina fedha ya kitu kimoja tu, wilikapu au tairi mpya. Ninunue nini?

JIBU: Tairi, bila kusita, hasa kama za sasa zinakaribia kuisha. Kwenye lebo ya tairi ya Umoja wa Ulaya, tairi la gari dogo la daraja A halizidi kilo 6.5 za ukinzani wa kubingirika (si wa hewa) kwa kila tani ya uzito, na la daraja C huwa kati ya 7.8 na 9.0. Kwa sedani yetu ya tani 1.8, kutoka C hadi A ni nafuu ya karibu wati-saa 10 kwa kilomita, na utaipata mjini na barabara kuu sawasawa. Soma pia daraja la kushika barabara yenye maji kwenye lebo hiyo hiyo, lisiwe chini ya B. Upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu.