Kabla ya Kufunga Shafti Mpya ya Ekseli ya Nyuma, Ichunguze Iliyotoka

Kubadilisha shafti ya ekseli ya nyuma, fimbo ya chuma inayozungusha tairi, huonekana kazi nyepesi kwa sababu kuitoa hakuna ugumu mkubwa. Gari likishakaa imara juu ya stendi, tairi na dramu ya breki zikishatoka, nati za sahani inayoshika beringi hufunguliwa na shafti huvutwa kwa slaidi hama, yaani nyundo ya kuvutia inayoteleza kwenye fimbo yake. Yako magari yasiyo na sahani hiyo, ambayo shafti yake hushikwa na klipu ya umbo la C ndani ya difu, yale makazi ya gia katikati ya ekseli. Hapo hupigi nyundo hata moja kabla ya kufungua kifuniko cha difu na kuitoa klipu.

Mimi huanza kwa kuipangusa shafti ya zamani na kuiweka kwenye mwanga. Uso wa mvunjiko ukiwa na upande laini uliofifia na upande mwingine wenye chembechembe zinazong'aa, ujue ufa ulianza kitambo na ukawa unatambaa polepole. Meno ya ncha ya shafti yaliyojipinda husema jambo jingine: shafti ilizidiwa nguvu, aghalabu kwa mzigo mkubwa au klachi iliyoachiwa ghafla, na hata shafti mpya haitadumu kama uendeshaji ni uleule.

Kipande cha shafti iliyovunjika kinachobaki ndani ndicho kinachowashinda wengi. Sumaku ndefu huweza kukitoa, lakini vipande vikiwa vingi, au vile ulivyopata visipounganika vikakamilika, fungua difu uisafishe, kwani kipande kidogo cha chuma kikinaswa kati ya kraun na pinioni, gia kuu mbili za difu, kitakugharimu kuliko shafti yenyewe.

Linganisha shafti mpya na ya zamani kwa urefu na idadi ya meno. Katika magari mengi, shafti ya kulia na ya kushoto hazilingani. Beringi na sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ziwe mpya pia. Pete inayobana beringi hutobolewa kwa drili, bila kuigusa shafti, kisha hupasuliwa kwa patasi. Moto wa gesi hulegeza ugumu wa chuma, nami siukubali kabisa hapo. Kwenye presi, sahani ndiyo hutangulia kuingia, kisha beringi, kisha pete, la sivyo utalazimika kuikata pete mpya. Wakati wa kuirudisha, ibebe shafti kwa mikono miwili isilalie mdomo wa sili.

Zibua pia tundu la kupumulia la ekseli. Likiziba, oili ikipata joto shinikizo huisukuma nje kupitia sili, hata iwe mpya, na kulowesha viatu vya breki. Mwisho jaza oili, gari likiwa sehemu tambarare, hadi ukingo wa chini wa tundu la kujazia, kisha baada ya safari fupi kagua upande wa ndani wa tairi kama kuna unyevu.