Herufi moja ilipeleka karafuu za mama kwenye sigara

Mama yangu yuko Wete, na tangu nipate akili sijaona sigara ikiwashwa nyumbani kwake. Mgeni akitoa pakiti huombwa kwa upole atoke nje kwanza. Ndiyo maana hadi leo naumia nikikumbuka kwamba fedha zake za karafuu, alizonikabidhi nimnunulie hisa, mimi nilizipeleka kwenye kampuni ya sigara.

Yeye alitaka saruji. "Watu hawaachi kujenga, mwanangu," aliniambia, na saruji aliyoijua ni ya Simba. Hiyo ni ya Tanga Cement, ambayo alama yake, yaani herufi inazotambulika nazo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ni TCCL. Mimi kwenye fomu nikaandika TCC. TCC ni Tanzania Cigarette Company. Aliyeipokea fomu hakukosea, kwani alama niliyoandika ipo sokoni. Niligundua niliposoma taarifa ya akaunti na kuona hisa ni chache mno kuliko tulivyopiga hesabu. Hisa moja ya sigara ilikuwa ghali mara nyingi kuliko ya saruji. Kuziuza na kununua upya kulimaanisha kumlipa dalali kamisheni tena na tena, kwenye fedha ya mtu aliyechuma karafuu kwa mikono yake.

Kwa hiyo nakuombeni sana, ndugu zangu, msizichukulie herufi hizi kama kifupi tu cha jina. Hizo ndizo zinazonunua. Na aghalabu hutoka kwenye jina rasmi la kampuni, si jina tunaloliona dukani: mfuko wa saruji umeandikwa Twiga, lakini sokoni utafute TPCC, maana kampuni yenyewe ni Tanzania Portland Cement.

Benki ndizo zinazotatiza zaidi. Zitazame zikiwa pamoja: DCB, KCB, MCB, MKCB. Macho yakichoka zote zinakuwa moja, na kumbe MCB ni Mwalimu, MKCB ni Mkombozi, na KCB ni ya Kenya. NMB nayo ni benki, ila NMG ni Nation Media Group, wenye magazeti Nairobi.

Mimi sasa naanza na jina refu, siku zote. Nafungua tovuti ya soko, kwenye orodha ya kampuni zilizoorodheshwa, au programu ya simu ya soko hilo, Hisa Kiganjani. Nalitafuta jina kamili la kampuni, nasoma inafanya biashara gani, ndipo nainakili alama herufi kwa herufi. Kisha natazama bei ya siku hiyo na kugawa fedha nilizonazo. Idadi ya hisa ikinishangaza, nasimama hapo hapo. Laiti ningeifanya hesabu hiyo mapema, TCC ingejifichua kabla sijatia saini.

Wanaonunua hisa kwenye masoko ya nje wana jambo moja la kuongeza: alama bila jina la soko haitoshi. VOD ya London ni Vodafone, VOD ya Johannesburg ni Vodacom Group, na hapa kwetu VODA ni Vodacom Tanzania. Hata Marekani watu waliotaka kampuni ya mikutano ya video ya Zoom, ambayo ni ZM, walikimbilia ZOOM, kampuni ndogo isiyohusiana nayo kabisa. Machi 2020 mamlaka ya masoko ya Marekani ikasimamisha kwa muda biashara ya hisa hizo za ZOOM.

Za mama ziko TCCL sasa. Msimu wa karafuu ukimalizika nampigia kumwambia nataka kumwongezea kidogo, naye kabla ya kuuliza bei huniuliza, "Imeandikwaje?" Namsomea: T, C, C, L. Ananiambia nirudie ile ya mwisho.