Kabla hujafungua faili la mteja, soma yaliyonipata

Jana kijana mmoja wa mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, aliniandikia. Anafungua duka la kuchapa, ameshanunua printa mbili za mitumba, na anauliza aanze na kompyuta gani. Ndugu yangu, kompyuta utaipata Luthuli. Mimi nikuambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoanza River Road na meza moja na deni la shangazi yangu.

Kazi inayonilisha ni vijitabu vya mazishi. Familia hutuma picha usiku, zimebanwa pamoja, na maziko ni keshokutwa. Nani ana muda wa kuchunguza faili? Basi ikaja barua pepe ya namna hiyo, ndani yake faili la RAR, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja. Nikalifungua. Picha zilikuwemo: mzee mwenye kofia nyeusi na mkongojo, wajukuu wamemzunguka mbele ya zizi. Nikazipanga vizuri, nikachapa nakala moja ya mfano, nikazima mashine nikaenda kupanda matatu.

Hakuna aliyekuja kuangalia ule mfano.

Siku ya nne akanipigia mteja wangu, mama mwenye shule ya chekechea Umoja. "Kijana wangu, nimeshalipa kwenye ile akaunti mpya. Umeziona?" Sikuwa na akaunti mpya. Mtu alikuwa anasoma barua pepe zangu, akamtumia ankara yenye nembo yangu. Shilingi 64,000 zikaenda. Nilimchapia kazi yake yote bure, na muhula uliofuata bado akahamia kwa mwingine. Miaka sita tumefanya kazi pamoja! Mpaka leo nikipita Umoja moyo unaniuma.

Fundi alipokuja alienda moja kwa moja kwenye folda ya Startup, ambako Windows huangalia ni programu zipi iziwashe yenyewe ukiingia. Humo alikuta kitu ambacho sikukiweka mimi. Kilitoka kwenye furushi la zile picha. Faili lililobanwa hubeba pia maelezo ya mahali kila kitu kitakapowekwa. Mhalifu huandika njia inayotoka nje ya folda uliyochagua, na programu ya kufungulia yenye mwanya, yaani kasoro ya usalama, humtii. Yangu ilikuwa na miaka saba bila kusasishwa. Kosa langu hilo, simsukumii mtu.

Na haikuwa siri. Mwaka 2019 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitangaza kwamba WinRAR, programu ya kufungulia mafurushi kama hayo, ilikuwa na mwanya wa aina hii uliokaa miaka 19, kwenye sehemu ya kufungulia mafaili ya ACE, aina nyingine ya furushi. Watengenezaji wakaiondoa sehemu hiyo kabisa katika toleo la 5.70. Mwaka 2023 ukapatikana mwingine: unabofya picha ndani ya furushi, kumbe unaendesha skripti, yaani amri zilizofichwa humo. Toleo la 6.23 likauziba. Mwaka 2025 ESET, kampuni nyingine ya usalama, wakawakuta wadukuzi wakitumia tena ujanja wa njia za folda, ukazibwa katika toleo la 7.13. Lakini WinRAR haijisasishi yenyewe, wala 7-Zip, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Usipoenda kwenye tovuti yao ukapakua toleo jipya kwa mkono wako, unabaki na shimo lako.

Kwa hiyo sasisha. Usiseme Jumamosi, sasisha leo. Usisakinishe programu kutoka kwenye flashi ya rafiki. Mtu usiyemjua akikutumia furushi, mpigie simu kwanza usikie sauti yake. Waambie wateja wako mapema kwamba akaunti yako haibadilishwi kwa barua pepe. Wewe unataka matawi, unataka kuajiri vijana, unanunua printa ya laki mbili, halafu mlango wa kompyuta unauacha wazi kwa sababu kusasisha kunachukua dakika tano? Mteja akishapoteza pesa kupitia jina lako, hatakuuliza ni toleo gani ulikuwa unatumia.

Ule mfano nimeubandika ukutani juu ya kompyuta. Yule mzee simjui, wala sijui kama kweli amefariki au picha zake ziliibwa tu mahali.